Pishi Kumi na Moja

Usiishike kwa utosi, Mbarouk. Alama ya kidole
hukaa juu ya sufi kama deni la dukani.
Ishike chini, ukingoni, kwa mikono miwili,
mikavu, isiyotoka kula pweza.

Umeileta Wete ndani ya mfuko wa unga
nawe unasema: ya babu, alikuwa karani wa forodha,
isafishe yote, Bi Zuwena, iwe nyekundu tena,
tuitundike ukumbini kabla ya harusi.

Ngoja kwanza niijue.
Hata mgonjwa huulizwa jina.

Naipiga kidole, inajibu *du*, haijibu *ta*.
Ni sufi khasa, iliyochemshwa ikashindiliwa
hata nyuzi zikasahau kuwa zilikuwa nyuzi;
si kitambaa kilichogandishwa juu ya kadibodi
kama tarbushi za bendi ya shule.
Kishada ni hariri nyeusi, kimekuwa kahawia
upande mmoja tu: kumbe palikuwa na dirisha.
Bitana imeshonwa kwa mkono, mishono midogo, sawasawa,
mpaka nyuma, ambako mshonaji alishikwa na haraka.

Chapa ya dhahabu imebaki nusu:
simba hana kichwa, chini yake A, U, S, T,
nchi iliyovunjika katika vita vile vya kwanza.
Zilizokuja baadaye ziliandikwa Chekoslovakia.
Basi kofia hii ilikwishakuwa mtu mzima
babu yako akiwa hajaota jino.

Nakuona unahesabu kwa vidole.
Naizungushia utepe: sentimita sitini kamili.
Babu alikuwa na kichwa kikubwa?
Unacheka. Kichwa cha babu, Bi Zuwena? Kidaka cha nazi!
Kisha unauliza itakuwa tayari lini.
Alhamisi, nasema, nawe unaondoka na pikipiki yako.

Haya mengine nayasema na birika.

Maji ya moto hayaigusi; ikinywa, itasinyaa
imtoshe paka. Mvuke tu, kwa mbali,
ile kunyanzi ya mfuko ilainike.
Vumbi naliondoa kwa kiini cha mkate wa jana,
kisha burashi ya nywele za farasi, taratibu,
kuelekea kule manyoya yanakolala.
Nondo wamekula matundu matatu. Nayaziba
kwa sufi niliyoikwangua chini ya ukingo,
jirani akimkopesha jirani.

Nageuza ukanda wa ngozi. Kitu kinaanguka.
Karatasi, imekunjwa mara nne, imebonyea
kwa umbo la paji la uso. Penseli imefifia:
*Kombo Shehe, pishi kumi na moja.*
Chini yake, siku ya pili: *pishi tisa.*

Karani haandikiwi pishi, Mbarouk.
Karani ndiye mwenye penseli.

Naikalia muda, birika linalia peke yake.
Nani alikuwa na kichwa cha sitini, sijui.
Alimpa, alimuuzia, au iliangukia mkarafuuni
na mchumaji akawa wa kwanza kuiona?
Najua tu kwamba alipoivaa ilimfika machoni,
akatafuta cha kujazia,
akajaza kwa jina lake.

Uliniambia niisafishe yote.
Duara la jasho lililo ndani sikuligusa.
Sufi ni ya wazungu, dhahabu ya kiwanda,
kichwa cha kwanza cha mtu mwingine;
jasho lile ndilo alilolileta mwenyewe.

Nimeikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile
nikairudisha chini ya ngozi.

Alhamisi nitakupa na kifuko cha karafuu.
Kibadilishe kila msimu, kisiiguse sufi, mafuta yataidoa.
Itundike mbali na dirisha.
Elfu kumi na tano.
Na ukumbini, mgeni akikuuliza ilikuwa ya nani,
mwache akaivae kwanza.